Siku Gesi Ilipovaa Ukungu wa Chawia

Ninyi mnaovaa ovaroli kwa mara ya kwanza, nimeombwa niwaandikie maneno machache kuhusu kazi yetu. Mimi naitwa Nekesa. Baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa hapa hapa Voi, nikasoma hapa, nikaajiriwa kwenye depo ya gesi karibu na barabara kuu, na huko ndiko nilikostaafia. Kazi yangu ilikuwa usalama: kukagua mitungi, matangi, mabomba, na majiko ya watu waliotununulia gesi, kutoka Taveta hadi juu kabisa milimani.

Kuna asubuhi moja ambayo nataka muijue. Gesi ilikuwa imeponyoka kutoka kwenye tangi la shule kule Chawia, milimani, nayo inateremka mlima kuelekea mahali ambapo akina mama walikuwa wakipika chakula cha harusi kwa mioto mikubwa ya kuni. Watu waliokuwa pale chini hawakujua. Nitawaeleza ilikuwaje. Lakini nikianza na hapo hamtaelewa kwa nini nilikimbia, kwa hivyo nivumilieni kidogo niwafundishe kwanza jinsi gesi inavyotembea.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Mwadime, msimamizi wetu wa kwanza pale depo. Alikuwa mtu wa milimani, mfupi, mwenye sauti ya chini. Siku yangu ya kwanza alinipeleka nyuma ya depo, kwenye ile sakafu ya saruji inayoinama kidogo, akamwaga ndoo ya maji.

"Yameenda wapi?" akaniuliza.

"Kule chini, kwenye mtaro."

"Kwa nini hayakupanda?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Gesi tunayouza hapa ni nzito kuliko hewa," akasema. "Inafanya vile vile. Inatafuta chini. Inaingia kwenye shimo, kwenye mtaro, chini ya kitanda, inakaa hapo inangoja mtu awashe kitu. Tofauti ni kwamba maji unayaona. Sasa chukua ndoo nyingine umwage wewe, uangalie mpaka uchoke."

Nilimwaga maji asubuhi nzima. Madereva walipita wakaniuliza kama nimeajiriwa kuosha uwanja. "Huyu mama atafuga samaki hapo," mmoja akasema. Lakini hata leo nikiingia nyumba yoyote, hata ya kanisa, macho yangu yanaanza sakafuni. Yanatafuta pale maji yangeenda.

Pia alinifundisha kutoamini pua. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya huongezwa kiwandani ili tuijue ikitoka. Lakini pua huchoka. Ukikaa ndani ya harufu kwa muda, hutaisikia tena, utadhani imeisha. "Pua ni ya kukuambia uingie kazini," Mzee Mwadime alisema. "Haiwezi kukuambia urudi nyumbani." Kwa hivyo tunatumia povu la sabuni kwenye viungo, na kipima gesi chini, karibu na sakafu. Kiberiti hakipimi kitu. Nimekutana na wazee waliokuwa wakipima mtungi unaovuja kwa njiti ya kiberiti, na mmoja akaniambia kwa fahari kwamba njia hiyo haijawahi kumdanganya. Nyusi hakuwa nazo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hamtalipata kwenye mafunzo ya wiki moja kule Mombasa. Sheria za gesi ni zile zile kila mahali, lakini makosa ya watu yanategemea wanaishi wapi.

Kishushe, kwa mfano. Kule jua linachoma, barabara ni mbovu, gari likipita watu wanatoka nje kulitazama. Mwenye duka mmoja alikuwa mtu makini sana. Alikuwa amesikia kwamba mitungi isiachwe juani, na ni kweli. Basi akachimba shimo zuri nyuma ya duka, akalijengea ukuta wa mawe, akaweka kifuniko cha mabati, na mitungi yake yote akaipanga humo chini. Alinionyesha kama mtu anayeonyesha nyumba mpya.

"Hapa hata wewe ungelala, fundi," akaniambia. "Ni baridi kama Wundanyi kule milimani."

Mimi nilikuwa nikifikiria ndoo ya Mzee Mwadime. Mtungi mmoja ukivuja kidogo tu mle, gesi haina pa kwenda. Italijaza shimo polepole mpaka siku atakayofungua kifuniko akiwa na sigara. Sikumgombeza. Nilimwomba maji nikayamwaga shimoni, tukasimama tukiyatazama yalivyotulia pale. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa. "Kumbe nimechimba kaburi," akasema. Kufikia jioni mitungi ilikuwa juu, chini ya kivuli cha makuti, pembeni hakuna ukuta, upepo unapita. Lile shimo sasa anahifadhia maji ya mvua.

Milimani ni kinyume. Kule Chawia, miezi ya baridi, gesi hutoka kwa unyonge kwenye mtungi, na mwali huwa mdogo. Watu wanafanya nini? Wanausogeza mtungi karibu na mafiga ili uote moto kama bibi. Nimekuta mtungi umefunikwa blanketi, umeegemezwa ukuta wa jikoni, kuni zinawaka hatua chache kutoka hapo. Mama mwenye nyumba ananiambia, "Nao unasikia baridi, fundi." Si watu wajinga. Wanaona mwali umepungua, wanaona baridi, wanaunganisha. Kazi yako wewe ni kuunganisha zaidi kidogo: mtungi ukipata joto sana, shinikizo la ndani linapanda, na vali ya usalama itafunguka na kuitoa gesi yote mbele ya moto ule ule. Eleza hivyo, taratibu, uketi, unywe chai yao. Ukiwaogopesha watakuficha. Ukiwaeleza watakuita.

Haya. Turudi kwenye ile asubuhi.

Ulikuwa msimu wa baridi. Nilikuwa napanda Chawia kukagua jiko la shule moja ya bweni, shule ambayo ilikuwa imeacha kuni na kuweka tangi kubwa la gesi. Dereva wangu alikuwa Kilonzo, Mkamba mcheshi ambaye alikuwa haogopi kitu isipokuwa kona za mlima ule. Shule iko juu, kwenye mgongo wa kilima. Chini yake kuna matuta ya mashamba, halafu uwanja wa kanisa, na siku hiyo uwanjani kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, na nyuma ya ukumbi moshi wa mioto mikubwa ya kupikia. Kati ya shule na uwanja huo kuna mfereji wa mawe wa kuteremshia maji ya mvua, unaopita nyuma ya ukumbi kabisa.

Kilonzo akaonyesha kwa kidevu. "Ona ukungu wa huku, Madam. Leo umelala chini kama ng'ombe."

Nikatazama. Wingu jeupe lilikuwa likishuka kutoka shuleni.

Mtu wa Chawia ameona ukungu kila siku ya maisha yake. Hawezi kuutazama mara mbili. Lakini ukungu wa milima ile huwa unapita kwa juu, unakata vichwa vya miti. Miti ya pale juu ilikuwa wazi, jua linaipiga. Huu ulikuwa ndani ya mfereji tu. Ulifuata kona za mfereji. Ulifika kwenye tuta ukajikusanya, ukamwagika kwenye tuta linalofuata.

Sijui kama nilisema kitu au nilipiga dashibodi. Kilonzo akasimamisha gari.

"Zima," nikamwambia. "Zima kabisa, acha ufunguo. Hiyo ni gesi."

Nawaeleza kwa nini ilikuwa nyeupe. Gesi ikitoka kwenye tangi ikiwa bado majimaji, inageuka kuwa mvuke ghafla na kuwa baridi kupita kiasi, na ule ubaridi unaufanya unyevu wa hewa uonekane kama ukungu. Mahali penye unyevu kama Chawia, unaonekana sana. Lakini shikeni hili: weupe unaishia mahali, gesi haiishii hapo. Inatangulia mbele bila kuonekana. Weupe ule ulikuwa umefika katikati ya mteremko. Sikuweza kujua gesi yenyewe ilikuwa imefika wapi.

Hapo una mambo mawili ya kufanya na miguu miwili tu. Tangi linavuja juu, moto unawaka chini. Mtu mgeni kazini hukimbilia tangi, kwa sababu ndilo lenye kelele. Mzee Mwadime alitufundisha tukimbilie moto. Gesi bila moto ni harufu mbaya tu.

Nikamtuma Kilonzo apande shuleni kwa miguu, kwa njia ya upande upepo unakotoka, mbali na mfereji. Azime majiko yote, awapeleke wanafunzi uwanja wa juu, na asiruhusu mtu yeyote awashe kitu wala kugusa swichi. Alienda mbio, tumbo lake na yote. Mimi nikachukua kipima gesi nikakimbia kwenda kanisani.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na akina mama wengi na sufuria kubwa juu ya mioto, pilau upande mmoja, kimanga, ule mseto wa kupondwa wa milimani, upande mwingine. Kipima gesi kilikuwa kimeanza kulia nilipokaribia ukingo wa mfereji. Nikapaza sauti.

"Zimeni mioto! Zimeni yote sasa hivi, kuna gesi inakuja!"

Walinitazama. Halafu wote, kama wamepangwa, wakageuka kumtazama mama mmoja mnene aliyefunga leso mbili kiunoni, ameshika mwiko mrefu kuliko mimi. Kama mmewahi kupika kwenye sherehe milimani mnajua jambo hili. Kuna mama mmoja ambaye moto ni wake siku hiyo. Bibi harusi mwenyewe hawezi kuchomoa ukuni bila ruhusa. Huyu alikuwa Mama Mshai.

"Wewe mama umetoka wapi?" akaniuliza.

"Voi, kwenye gesi. Tangi la shule linavuja. Inateremka kwa huu mfereji hapa nyuma yenu."

"Gesi ni ya shule. Sisi tunapika kwa kuni."

"Ndiyo maana, mama. Kuni zenu ndizo zitaiwasha."

"Nyama bado ngumu," akasema, na akina mama wengine wakaanza kucheka. "Nizime moto, halafu bwana harusi aje nimlishe nini? Hotuba?"

"Harufu hii hamuisikii?"

"Hizo ni kabichi zinaoza. Huku tunalima kabichi, mama wa Voi. Huko kwenu mnalima vumbi."

Kicheko kikawa kikubwa. Na hapo, wanangu, nilielewa tumekaribia kifo kiasi gani. Kwa sababu hakuwa anabisha. Kule juu, majani ya kabichi huachwa shambani yaoze baada ya mavuno, na harufu yake ni ile ile kabisa ya gesi yetu. Macho yao yaliona ukungu wa kila siku, pua zao zikasikia harufu ya kila msimu. Kiwanda kimeweka harufu ili watu washtuke, lakini watu hawa wameishi nayo tangu utoto.

Ningeweza kumweleza habari za uzito wa gesi. Ningeweza kupiga kelele zaidi. Nilimshika mkono tu, nikateremsha sauti.

"Mama, nionyeshe kabichi."

"Nini?"

"Nionyeshe hizo kabichi. Zimelimwa wapi?"

Akageuka. Akatazama tuta la juu: mahindi. La chini yake: mahindi na migomba. Pembeni mwa uwanja: nyasi za ng'ombe. Nilimwona akitafuta, macho yakizunguka, mwiko umeanza kushuka. Alilijua shamba la kila mtu pale. Mwaka ule upande ule hakuna aliyepanda kabichi.

Akanitazama mara moja. Halafu akageukia wenzake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa msimamizi yeyote wa kiwanda.

"Udongo! Mwagieni mioto udongo, yote! Wewe Mkiwa, wacha hiyo sufuria, wacha imwagike! Watu wa muziki wazime jenereta! Kila mtu apande kule barabarani, na nikimwona mtu na simu au sigara nitampiga na huu mwiko!"

Hawakuuliza tena kitu. Mioto ambayo mimi ningebembeleza izimwe mpaka tulipuke wote ilikufa hapo hapo chini ya udongo, halafu maji ya kuoshea mchele yakafuatia kuua makaa. Jenereta ikanyamaza. Umati wa watu waliovaa nguo za harusi ukapanda kwenda barabarani upande wa upepo, wazee wakishikwa mikono, bibi harusi akiwa amekunja gauni hadi magotini. Mama Mshai alikuwa wa mwisho kutoka. Alipita kwenye kila figa akikanyaga kwa kiatu, akichungulia kama kuna kaa lililofichama.

Mimi nikapanda shuleni kwa njia ile ya Kilonzo.

Nyuma ya jiko nilimkuta fundi wa mabomba aliyeitwa Mwakio, mtu mzima, amepiga magoti kando ya tangi anahangaika na vali. Hakukimbia. Nataka mjue hilo, kwa sababu wengi wangekimbia. Glavu zake zilikuwa zimekuwa nyeupe.

"Imekataa kufunga, mama," akaniambia, na meno yanagongana.

"Haijakataa. Imeganda. Simama upande huu, upepo uwe mgongoni."

Alikuwa ameombwa na shule atoe maji machafu yanayotuama ndani ya tangi, chini kabisa. Bomba la kutolea lina vali mbili, moja karibu na tangi, nyingine mbele yake. Na hapa, vijana, kuna siri ambayo nataka iwakae mikononi. Fungua yote kabisa ile ya karibu na tangi kwanza. Halafu ile ya mbele ndiyo uifungue kidogo kidogo. Gesi huganda pale inapobanwa. Ukiibana kwenye vali ya mbele, barafu itakaa mbele, na ile ya tangi itabaki huru kukuokoa. Mwakio aliibana kwenye ile ya tangi, na ya mbele alikuwa ameiacha wazi. Zote mbili zikashikwa na barafu. Mtu yeyote ambaye hajaambiwa angefanya hivyo. Mkono wenyewe hukimbilia vali iliyo karibu na hatari.

Kilonzo alikuwa amezima kila kitu jikoni. Sufuria za maji ya chai ya wanafunzi zilikuwa bado za moto ingawa majiko yamezimwa. Tukachukua maji yale ya moto, bila haraka, tukaimwagia ile vali ya karibu na tangi polepole kutoka upande wa juu, Mwakio akimwaga, mimi na spana, Kilonzo akileta ndoo na kumwomba Mungu kwa Kikamba. Hatukukanyaga kwenye weupe hata mara moja. Mwanzoni vali haikusogea. Mzee Mwadime alizoea kusema usiilazimishe, ukiivunja huna la kufunga tena. Nikangoja. Nikajaribu. Nikangoja. Halafu nikaisikia ikilegea mkononi, robo ya mzunguko, nusu, na ile sauti ya kufoka ikawa mluzi, mluzi ukawa kimya.

Mwakio akakaa chini kwenye nyasi. "Kumbe ilikuwa inataka chai," Kilonzo akasema, na sote watatu tukacheka mpaka machozi.

Kazi haikuwa imeisha. Watu hupumua mapema mno. Nilikaza plagi, kizibo cha chuma, kwenye mdomo wa bomba, nikapaka povu, nikaangalia. Halafu nikateremka na kipima gesi kando ya mfereji, tuta kwa tuta. Mahali palipokuwa wazi upepo ulikuwa umeshapafagia. Kwenye mashimo bado kililia. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na shimo la takataka ambalo lilikuwa limejaa gesi kabisa, hatua chache tu kutoka kwenye mafiga ya pilau. Nililitazama lile shimo kwa muda. Tukangoja mpaka kipima gesi kikanyamaza hata humo.

Mama Mshai alikuwa amesimama nyuma yangu wakati wote huo, mikono kiunoni.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa."

Akatoa kiberiti kwenye leso yake. Badala ya kuwasha, akanipa mimi.

"Washa wewe," akasema. "Nikisikia 'puu' nijue ulinidanganya."

Nikawasha. Moto ukashika kuni taratibu, kama moto mwingine wowote.

Chakula cha harusi ile kilichelewa sana. Pilau iliungua chini, kimanga kikawa na mchanga kidogo, na nyama, kama alivyosema Mama Mshai mwenyewe, ilikuwa bado ngumu. Wageni wengi walikuja baadaye kutoka Wundanyi na Mwatate, hawakujua lolote lililotokea. Mimi nilipewa kiti cha plastiki pembeni pamoja na Kilonzo na Mwakio, sahani zimejaa, na nyuma yetu kulikuwa na meza ya wajomba waliovaa makoti.

"Harusi gani hii watu wanakula jua likizama?" mmoja akasema.

"Mpishi wao ni nani? Mchele una mawe."

"Watu wa Chawia siku hizi hawajui kupanga mambo. Tuna njaa tangu tulipotoka nyumbani."

Mwakio akataka kugeuka awaambie. Nikamkanyaga mguu. Nimefanya kazi miaka mingi, wanangu, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa kitu ambacho hakikulipuka. Nilikaa pale nikiwasikiliza, mjomba mmoja baada ya mwingine, shangazi, watoto waliotaka soda zaidi, wote wazima, wote wakilalamika kwa sauti. Nikamwomba Mama Mshai aniongeze pilau.